Darsa Juu ya Taifa, Kabila na Dola

Twapenda kuwaletea ndugu zetu wasomaji darsa iliyotokana na suala la kijana, si na kitabu. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tulipokuwa tumekaa barazani kwetu hapa Ndia Kuu, kijana mmoja wa darsa alitueleza kwamba alikwenda afisini kuomba kitambulisho. Karani akamwuliza, "Kabila gani?" Akajibu, "Mswahili." Karani akacheka, akamwambia hakuna kabila la namna hiyo, na arudi na jina la kabila la kweli pamoja na karatasi za babu yake. Mzee mmoja aliyekuwapo barazani akasema, "Mwanangu, usijitaabishe. Andika Mwarabu, au andika Mbajuni, utapata upesi." Kijana akatugeukia, akauliza, "Maalim, nikiandika hivyo nitakuwa nimesema uwongo? Na nisipoandika, mimi ni mwenyeji wa wapi?"

Usiku ule hatukumjibu. Tuliomba muda, kwani suala hili laonekana dogo, na nyuma yake pana mambo yaliyomwaga damu nyingi katika nchi zetu, karibu na mbali. Tumelisoma kwa wiki tatu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza ni lazima tutazame maneno, kwani makosa yetu mengi huanzia hapo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba amewafanya watu mataifa na makabila, na sababu iliyotajwa ni moja: wapate kujuana. Haikutajwa kodi, wala kiti cha baraza, wala shamba. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 9, limekuja neno taifa kwa maana ya kundi tu, panapotajwa makundi mawili ya waumini yanayopigana na wajibu wa wengine kuyapatanisha.

Wazee wetu wa Mombasa walilishika neno hilo kwa maana iliyo karibu na hiyo. Waliposema Thenashara Taifa walikusudia makundi kumi na mawili ya mji huu. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa. Na Thalatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Ukiyatazama majina hayo utaona kwamba mengi ni majina ya miji ambayo watu walitoka, wakaja kisiwani wakakaa. Mtu alipoulizwa taifa lake aliulizwa mzee wake ni nani, nani atasimama naye katika ndoa na katika maziko, na akikosana na mtu ni nani wa kumsemea. Baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, neno lile lile likachukuliwa na siasa, likawa na maana ya nchi nzima yenye bendera na mipaka. Neno moja limebeba mizigo miwili, na wengi wetu twalitumia bila ya kujua ni mzigo upi tuliopandisha.

Tena kila upande wa mji ulikuwa na jirani zake wa bara. Thalatha Taifa walifungamana na Wadigo na Waduruma. Tisa Taifa walifungamana na Wagiriama, Warabai, Waribe na wengineo. Watu hawa walibadilishana nafaka na nguo na pembe, wakasaidiana katika vita, na katika miaka ya njaa mtu wa bara alijua ni nyumba ipi ya mjini ya kubisha hodi. Wengi waliingia mjini hivyo, wakasilimu, wakaoa, na wajukuu wao wakawa watu wa taifa fulani. Hata jina la Mijikenda, ambalo leo laonekana kama limekuwapo tangu na tangu, lilienea katika miaka ya 1940.

Hatusemi kwamba zama hizo zilikuwa za peponi. Mji huu ulikuwa na mabwana na watumwa. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika pwani yetu mwaka 1907, lakini matusi yake hayajafutwa midomoni mwetu, na ndugu zetu wanaojua nasaba za watu kuliko wanavyojua sala zao wanajijua. Tena Thalatha na Tisa walikuwa na khitilafu kubwa, na khitilafu hizo ndizo zilizomfungulia mlango Sayyid Said wa Oman akauchukua mji mikononi mwa Mazrui mwaka 1837. Twataka kusema jambo moja tu: mipaka ya makundi yale haikuandikwa katika daftari la serikali. Mgeni aliweza kuwa mwenyeji, ikiwa si yeye basi mwanawe.

Sasa tutoke barazani kidogo. Ukishika Ndia Kuu kuelekea Ngomeni utalikuta boma lililoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Watalii huoneshwa mizinga yake, na ni wachache wanaoulizwa wafikiri watu waliolijenga walitoka katika nchi ya namna gani. Mwaka 1492 ulianguka mji wa Granada, wa mwisho wa Waislamu katika Hispania, na mwaka huo huo Mayahudi wakafukuzwa nchini humo. Mwezi wa Disemba 1496 mfalme Manuel wa Ureno akatoa amri kwamba Mayahudi na Waislamu watoke katika nchi yake. Miezi kumi na sita baadaye, Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mombasa. Basi waliotujia walikuwa watu wa dola mpya iliyoona kwamba haitakuwa salama mpaka watu wake wote wawe wa namna moja. Wala kubadili dini hakukutosha, kwani mwaka 1609 Hispania ilianza kuwafukuza hata wale ambao wazazi wao walikwisha kubatizwa, kwa sababu asili yao ilikuwa ya Kiislamu. Hapo suala la imani lilikwisha kuwa suala la damu.

Fikira hiyo, kwamba kila dola iwe ya taifa moja na kila taifa liwe na dola yake, ilitapakaa Ulaya kisha duniani. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu, na zaidi ya milioni moja wakang'olewa makwao. Aliyekuwa Mwislamu akapelekwa Uturuki hata kama hajui neno la Kituruki. Mwaka 1947 Bara Hindi iligawanywa, na katika mitaa ya mji huu wamo watu ambao jamaa zao walipita katika moto ule. Tumetaja mifano hii ili asidhani mtu kwamba maradhi haya ni ya Mwafrika peke yake, au kwamba Waislamu wamesalimika nayo.

Mwingereza alipokuja kututawala, kwa mkataba wa Disemba 1895 uliomkodisha ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar kwa paundi 11,000 kwa mwaka, hakuwa na haja ya kutufanya taifa moja. Alitaka kutawala kwa gharama ndogo. Akawatia watu katika masanduku, kila sanduku na sheria yake, kodi yake na mkubwa wake. Katika Kenya sanduku kubwa lilikuwa la "wenyeji", na nje yake walikuwa "wasio wenyeji": Mzungu, Mhindi, na Mwarabu. Mswahili wa Thenashara Taifa, ambaye pengine nyanya yake ni Mwarabu na mjomba wake ni Mdigo, akatiwa katika sanduku la wenyeji. Kaka wawili wa mama mmoja waliweza kulipa kodi mbili tofauti.

Mwanachuoni Mahmood Mamdani, aliyekulia Kampala, ameeleza katika kitabu chake Neither Settler nor Native cha mwaka 2020 kwamba dola ya kisasa na ukoloni vilizaliwa pamoja, na kwamba kazi yao imekuwa kuwafanya baadhi ya watu kuwa wengi wa milele na wengine wachache wa milele katika nchi moja. Twakubaliana naye kwa mengi. Lakini tukisoma khabari za mji wetu twaona kwamba pana fungu la lawama ambalo si la Mwingereza. Ni letu.

Katika miaka ya 1920 Waarabu walipewa kiti cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, na Waswahili hawakuruhusiwa kupiga kura hiyo. Mwaka 1921 kilikuwa kimekwisha kuundwa Chama cha Waarabu wa Pwani. Watu wa Thenashara Taifa walipoona wametolewa nje, wakaunda chama chao mwaka 1927, wakakiita Afro-Asian Association. Litazameni jina hilo, ndugu wasomaji. Lilikuwa lasema kwamba sisi nasi tuna Uasia ndani yetu, tusihesabiwe na wengine. Hawakusema kwamba si haki kwa serikali kuwatoza watu kodi mbalimbali kwa ajili ya asili zao. Walisema tuhamisheni sanduku. Na Waarabu, badala ya kusema hawa ni jamaa zetu na dini yetu ni moja, wengi wao walishika mlango. Ugomvi huo ulikula zaidi ya miaka ishirini na mitano, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 Thenashara Taifa walipokubaliwa kupiga kura pamoja na Waarabu. Anayetaka kuujua kwa urefu na asome Life and Politics in Mombasa cha Hyder Kindy, kilichotoka mwaka 1972. Misikiti iliingiwa na ugomvi huo, na harusi, na hata maziko.

Wala hawakukosekana waliokemea hali ya Waislamu wa pwani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa hapa Mombasa, akawaita watu waache majivuno na wasome. Wengi waliyasoma magazeti hayo, kisha wakarudi kule kule.

Na wakati ambao sisi tulikuwa tukishindana kwa kiti, jambo kubwa zaidi lilipita. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai shamba katika pwani alete dai lake liandikwe. Waarabu, Waswahili na Wahindi waliojua mambo ya karatasi waliandikisha. Jirani zetu wa bara, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu mmoja, hawakupata nafasi hiyo kwa namna wanavyoijua, na ardhi isiyoandikwa ikawa ya Taji la Uingereza. Mgiriama na Mdigo wakaamka wamekuwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Basi ulipokuja mjadala wa Mwambao mwaka 1961, na tume ya Robertson ikauliza watu wa ukanda wanataka nini, wengi wa Waarabu na Waswahili walitaka ukanda ujitenge na Kenya, na wengi wa Mijikenda walikataa kabisa. Baadhi ya wazee wetu walishangaa, wakasema wamechochewa na watu wa bara. Laiti wangalizitazama hati zao wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1963 ukanda ukaunganishwa na Kenya kwa mapatano yaliyohifadhi mahakama za Kadhi, na ardhi ya Taji ikawa ya serikali mpya. Maskwota akabaki maskwota.

Mfano ulio wazi kuliko wote uko Unguja na Pemba. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1924 waliojiandikisha Waswahili walikuwa karibu 34,000. Hesabu ya mwaka 1931 iliwakuta karibu 2,000. Hakukuwa na tauni iliyowaua watu 32,000, wala hawakupanda majahazi. Katika miaka hiyo hiyo Waarabu waliongezeka kutoka karibu 19,000 hadi zaidi ya 33,000, na wengine wengi wakajiandika Washirazi. Jina la Mswahili lilikuwa limekuwa jina la mtu wa chini, kila aliyeweza akalikimbia. Walifanya kama alivyoshauri mzee wetu barazani, na yeye hakushauri kwa ubaya. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, hata chakula cha mgao kiligawiwa kwa kutazama asili, na mchele ukawa na kabila.

Lakini daftari peke yake haliui mtu. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika War of Words, War of Stones cha mwaka 2011, ameonesha kwamba magazeti na wasomi wa Unguja wenyewe ndio waliolijaza daftari lile chuki. Baada ya chama cha ZNP kuundwa mwaka 1955 na ASP mwaka 1957, magazeti ya pande zote mbili yalianza kuandika kwamba hawa ni wageni na wale ni washenzi. Watu waliacha kununua katika duka la mtu wa chama kingine, wakaacha kuzikana. Uchaguzi wa Juni 1961 uliua watu 68. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja mapinduzi, wakauawa maelfu, wengi wao Waarabu. Waliokimbilia Mombasa wengine walishukia bandari hii ya zamani, nao wajukuu wao tunasali nao. Twalisema hili bila ya kumtetea aliyeua, na bila ya kusahau dhulma zilizotangulia.

Rwanda ilikuwa vivyo hivyo, na zaidi. Wabelgiji waliwaandika watu katika miaka ya 1930, wakawapa karatasi zenye neno Mhutu, au Mtutsi, au Mtwa, na mtoto akarithi neno la baba yake. Dola huru iliyofuata haikuzichana karatasi hizo. Mwaka 1994, baina ya Aprili na Julai, wauaji walisimama vizuizini wakasoma kitambulisho, kisha wakaamua. Waliokufa walikuwa kiasi cha 800,000.

Na sisi tusiseme hayo ni ya mbali. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kivuko chetu, kilivamiwa, polisi wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Kisha vijana wakaingia mitaani wakiwatafuta Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu na Waluhya, wakisema pwani ni ya wenyeji. Katika wiki zilizofuata walikufa zaidi ya watu mia moja, na makumi ya maelfu wakakimbia, wengine wakalala makanisani. Uchaguzi ulikuwa Disemba ya mwaka huo, na waliofukuzwa walidhaniwa kuwa wapiga kura wa upinzani. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza mashahidi wa mambo hayo. Vijana wale wengi walikuwa Wadigo, na kilio chao cha ardhi kilikuwa cha kweli tangu 1908. Lakini aliyechomewa kibanda chake cha samaki hakuwa na hati ya shamba hata moja. Wakubwa waliopewa ardhi ya pwani na serikali hawakuguswa. Na sisi wa mjini, tuseme kweli, wangapi kati yetu tulinong'ona kwamba afadhali waondoke?

Turudi kwa kijana wetu. Suala lake la kwanza lina jibu katika sheria yetu, nalo si gumu. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameonya vikali mtu kujinasibisha na asiyekuwa baba yake hali anajua. Ikiwa nasaba ya babako ni ya Hadhramaut au ya Oman, sema, na hapana aibu. Ikiwa ni ya Ubajuni, sema. Ikiwa si hivyo, haijuzu kununua karatasi kwa kumwuza babu. Mzee wetu alipoyasikia haya alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babake alifanya hivyo mwaka wa njaa, na kwamba yeye mpaka leo hajui ajiite nani. Hatukumlaumu.

Suala la pili ni refu zaidi. Kitambulisho cha Kenya hakikuandikwa kabila usoni, lakini karani huuliza, na waulizwao zaidi ni watu wa pwani na wa mpakani. Ndugu zetu Wasomali wa Kenya walipimwa mwaka 1989 na kupewa kadi za namna ya peke yake, katika nchi waliyozaliwa. Na karani aliyesema hakuna kabila la Waswahili hakufungua kitabu cha serikali yake, kwani hesabu ya watu ya 2009 iliwaandika Waswahili karibu 110,000. Ile ya 2019 iliwaandika karibu 56,000. Msomaji akumbuke Unguja ya 1931, kisha ajiulize watu hawa wamekwenda wapi.

Kijana hawi mwenyeji wa Mombasa kwa sababu ya damu yake. Ni mwenyeji kwa kuwa amezaliwa hapa na anakaa hapa, na jirani zake wana haki juu yake naye ana haki juu yao. Tukiishika hoja hii kwa ajili yetu, yatulazimu tuishike pia kwa mwana wa Mkamba aliyezaliwa Likoni. Baadhi ya wanadarsa walikataa jambo hili, wakasema huko ni kuitoa pwani bure. Mjadala ulikuwa mkali na haukwisha, nasi twauandika kama ulivyokuwa. Sisi tunaoandika twaona kwamba dhulma ya ardhi hudaiwa kwa ushahidi na kwa yule aliyeichukua, wala haidaiwi kwa kumtazama mtu usoni au kusikiliza lafudhi yake.

Kijana amerudi afisini na cheti cha kuzaliwa cha babake na barua ya mzee wa mtaa, na katika fomu ameandika Mswahili. Ameambiwa angoje. Darsa ya Alkhamisi ijayo, inshallah, itakuwa juu ya ardhi: kila mwenye hati ya shamba ya zama za 1908 kwa jina la babu yake na aje nayo au nakala yake, na tumewaalika ndugu zetu wa Rabai na wa Likoni waje na khabari zao.